Uvungu, Uwazi na Mwanya: Uhakiki wa Majina ya Ndani ya Mwili katika Kamusi za Kiswahili

I

Mwili wa binadamu una nje na ndani, na Kiswahili hakikuzihudumia pande hizi mbili kwa kipimo kimoja. Kwa upande wa nje lugha yetu ni tajiri. Msemaji wa kawaida hutaja utosi, kisogo, kipaji, kwapa, kisugudi, kitovu, kinena, paja, muundi na kifundo cha mguu bila kusita, na kila jina huonyesha mahali pamoja tu pasipo shaka. Kwa upande wa ndani hali ni nyingine. Viungo vyenyewe, kama vile moyo, ini, figo na mapafu, vina majina mazuri ya asili. Lakini mahali vinamokaa viungo hivyo hapana jina moja lililokubaliwa, na mipaka ya mahali hapo haikupata kuelezwa kwa uangalifu. Tumepewa orodha ya wapangaji bila kuambiwa nyumba ina vyumba vingapi.

Madhumuni ya makala haya ni kuchungua jinsi kamusi zetu zilivyoyatenda majina hayo, kuonyesha penye kasoro, na kutoa shauri. Jambo hili si la kupendezea wanaisimu peke yao. Mganga anapomweleza mgonjwa kwamba atamchoma sindano kifuani, na mgonjwa akaelewa kwamba sindano itaingia ndani ya pafu, kosa hilo si la mganga wala la mgonjwa. Ni kosa la istilahi, na wenye kuulizwa habari yake ni sisi.

II

Yafaa tuanze na historia fupi. Steere alipotoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, na Krapf alipochapishiwa kamusi yake ya lugha ya Mombasa mwaka 1882, kazi yao ilikuwa kumwezesha mgeni kuelewa asemalo mwenyeji. Madan akafuata mwaka 1903, na juu ya msingi wake ikajengwa ile Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Katika mwaka huo huo Sacleux alitoa kamusi yake kubwa kwa Kifaransa, ambayo hata leo haijapata mshindani katika kuonyesha tofauti za lahaja. Watu hawa wanastahili heshima kubwa. Walakini kamusi ya lugha mbili ina desturi yake: hueleza neno kwa kulitafutia mwenzake katika lugha nyingine, kisha hunyamaza. Neno ini likipata mwenzake, kazi imekwisha. Ini liko upande gani, juu yake kuna nini, chini yake kuna nini, hayo msomaji atayajua kwa lugha yake mwenyewe.

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili haina ruhusa hiyo. Johnson alijaribu njia hiyo mwaka 1935, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikaitimiza kwa upana zaidi katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Hapo ndipo upungufu ulipodhihirika, kwa maana mwenye kueleza neno kwa lugha ile ile hana budi kujua kitu chenyewe. Tabia ya kuweka visawe ilirithiwa kutoka kwa kamusi za zamani: wengu ni bandama, na bandama ni wengu, msomaji asiyejua lolote kati ya hayo huzunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Baadaye zikaja kamusi za istilahi za sayansi, kama ile ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990. Hizo zilileta maneno mengi yaliyohitajika sana. Lakini kwa kuwa zilipangwa kwa kufuata orodha ya Kiingereza, ziliyachukua pia mafumbo yaliyomo katika orodha hiyo, kama tutakavyoona.

III

Kabla ya kulaumu, inatupasa kuuliza: Kiswahili kilijifunzia wapi habari za ndani ya mwili? Jibu, kwa maoni yetu, ni kwamba kilijifunzia machinjoni. Tazama majina yaliyo imara na yasiyo na ubishi: moyo, ini, figo, pafu, bandama, utumbo, nyongo, ubongo. Hivi vyote ni vitu ambavyo mchinjaji wa mbuzi huvitoa kwa mkono wake, huvigawa, huvitupa au huvipeleka jikoni. Nyongo ilipata jina lake mapema kwa sababu ikipasuka huharibu nyama yote. Kinyume chake, vitu ambavyo havina faida wala madhara kwa mchinjaji vilibaki bila jina, au vilipata jina lisilojulikana na wengi. Kongosho ni mfano wake: neno lipo, lakini muulize mtu wa kawaida akuonyeshe lilipo, hataweza.

Ushahidi wa pili ni kwamba majina hayo karibu yote ni ya Kibantu, katika lugha ambayo maneno yake mengi ya elimu, dini na biashara yametoka Uarabuni. Damu na roho ni maneno ya Kiarabu. Lakini ini, figo na utumbo hayakuhitaji kukopwa, kwa sababu mbuzi alikuwa akichinjwa pwani kabla ya kitabu chochote kufika. Tena lahaja zilitunza utajiri wao: penye figo kwa Waunguja, Wamvita wana nso, na pafu lilipata kuitwa pumu, jina ambalo leo limebaki kwa ugonjwa wa kubanwa pumzi.

Kujifunza kwa mnyama si aibu. Galen, ambaye vitabu vyake vilitawala elimu ya uganga kwa zaidi ya miaka elfu moja, aliwapasua nyani, nguruwe na ng'ombe, akayapa mwili wa binadamu mambo aliyoyaona kwao, pamoja na wavu wa mishipa chini ya ubongo ambao ng'ombe anao na mtu hana. Ilimbidi Vesalius, katika kitabu chake kilichopigwa chapa Basel mwaka 1543, aonyeshe kwa kupasua maiti za watu kwamba mwili wa binadamu hauna budi kusomwa ndani ya mwili wa binadamu. Basi kasoro si kwamba tulianzia machinjoni, bali kwamba kamusi zetu hazijatoka huko. Mchinjaji hutoa viungo kimoja kimoja. Akishamaliza, tundu linalobaki halimhusu. Mahali hapo pa viungo ndipo hasa elimu ya mwili inapoanzia.

IV

Maneno mawili yanatosha kuonyesha ugumu wa jambo hili: tumbo na moyo.

Tumbo, katika usemi wa kila siku, ni sehemu yote ya mbele toka mwisho wa mbavu hadi kinena. Ni pia mfuko ambao chakula hushukia baada ya kupita umio. Ni pia mahali pa mimba, ndiyo maana husemwa ndugu wa tumbo moja. Ni pia ugonjwa: mtu husema ana tumbo, na maana yake ni kwamba anaharisha. Basi mwenye kusema "naumwa tumbo" ametaja mahali panapokaa mfuko wa chakula, ini, wengu, kongosho, utumbo mwembamba na mpana, na hata kibofu na mji wa mimba. Usemi huo hauna kosa; kila lugha ina neno pana la namna hiyo. Kosa ni la vitabu vya shule vinapolitumia tumbo kwa ule mfuko peke yake katika ukurasa mmoja, na kwa sehemu yote ya mwili katika ukurasa wa pili, bila kumwonya msomaji. Kwa kuwa watu wote hulitumia tumbo kwa maana ya sehemu, shauri letu ni kwamba maana hiyo iachwe ilivyo, na ule mfuko uitwe mfuko wa chakula. Neno fumbatio, ambalo vitabu vya elimu ya viumbe hulitumia kwa sehemu ya nyuma ya mdudu, limeundwa vizuri kutokana na kufumbata. Lakini kwa binadamu halitaling'oa tumbo, wala halina haja ya kuling'oa.

Moyo una habari nyingine. Kwa elimu ya mwili, moyo ni msuli ulio kifuani, katikati ya mapafu mawili, ukiegemea kushoto. Kwa usemi wa pwani, moyo hushuka chini zaidi. Chembe cha moyo ni pale penye shimo chini ya mfupa wa kifua, ambapo kwa hakika pana ncha ya ini na mfuko wa chakula. Mtu anayetaka kutapika husema moyo unamchafuka, ilhali moyo wenyewe hauna shughuli na kutapika. Na roho, ambayo kwa asili ni pumzi na uhai, husemwa hata kwa koo: kumkaba mtu roho ni kumkaba koo. Wala Kiswahili si peke yake katika hali hii ya kuhamahama. Katika Kichewa, mtima ni moyo wa mwilini, na moyo ni uhai. Kwetu sisi mtima umebaki kuwa neno la washairi, na moyo umechukua kazi zote mbili.

Mtunga kamusi afanye nini? Hana haki ya kuifuta chembe cha moyo kwa kuwa haikubaliani na mganga. Lakini ana wajibu wa kutenga maana na kuzitia nambari: ya kwanza, msuli unaosukuma damu, ya pili, mahali chini ya kifua ambapo mtu husikia kichefuchefu, ya tatu, hisia na nia. Mgonjwa akisema "moyo unaniuma", tofauti kati ya maana ya kwanza na ya pili yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya maradhi ya kuua na kiungulia.

V

Sasa tuje kwenye kiini cha uhakiki huu, yaani jina la mahali penyewe. Elimu ya mwili hueleza kwamba viungo vya ndani vimewekwa katika sehemu kubwa zilizozungukwa na mifupa au misuli. Nyuma na juu pana fuvu lenye ubongo, nalo limeungana na mfereji wa uti wa mgongo. Mbele pana kifua chenye mapafu na moyo, na chini yake tumbo, ambalo huendelea bila ukuta hadi nyongani, penye kibofu, mwisho wa utumbo mpana, na kwa mwanamke mji wa mimba. Kati ya kifua na tumbo pametandazwa msuli mwembamba ulioinuka kama kuba. Jina la msuli huo, kiwambo, ni mojawapo la majina yaliyofaulu, kwa kuwa latokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma; na msuli huo kwa kweli umewambwa toka mbavu hadi uti wa mgongo. Kuba lake la kulia huinuka hata kiasi cha ubavu wa 5 mtu anapotoa pumzi. Kwa hiyo ini, ambalo ni la tumboni, hukaa ndani ya mbavu. Na kisu kinachoingia kifuani kwa macho ya mtazamaji chaweza kuwa kimeingia tumboni.

Sehemu hizo kubwa tuziite nini? Wako wanaosema uwazi, wako wanaosema chumba, na wengine hutumia tundu au nafasi. Uwazi ni neno lenye kudanganya, kwa maana kilicho wazi kimefunguka au ni kitupu. Na fuvu la mtu aliye hai halikufunguka wala si tupu, bali limejaa. Neno hili lafaa kwa kinywa na pua, ambavyo vimefunguka nje. Chumba kimekwisha kupata kazi: twasema moyo una vyumba vinne, na tukisema tena kwamba moyo umo katika chumba, mwanafunzi atatuuliza ni kipi kati ya vile vinne. Tundu ni dogo mno, na nafasi ni pana mno. Neno lililo karibu na haja yetu ni uvungu. Kila mtu aujua uvungu wa kitanda: ni mahali palipofunikwa, penye mipaka, pa kuwekea vitu. Basi tungesema uvungu wa fuvu, uvungu wa kifua, uvungu wa tumbo na uvungu wa nyonga. Na kwa uti wa mgongo tungebaki na mfereji, kwa kuwa umbo lake ni refu na jembamba.

Lakini jambo halikuisha hapo, na hapa ndipo istilahi za kigeni zilipotutia katika fumbo. Kilatini, na Kiingereza baada yake, hutumia neno lile lile kwa vitu viwili visivyofanana. Cha kwanza ni huo uvungu tuliouelezea. Cha pili ni nafasi nyembamba sana iliyo kati ya tabaka mbili za utando. Kila pafu limefunikwa na utando laini, na utando huo hukunjika nyuma ukavaa upande wa ndani wa kifua. Kati ya tabaka hizo mbili hamna kitu ila maji kidogo, yasiyozidi sana vijiko vichache vya chai, ya kulainisha pafu linapoteleza. Moyo nao una mfuko wa namna hiyo, na tumbo vivyo hivyo. Mapafu yamo katika uvungu wa kifua, lakini hayamo katika nafasi hiyo nyembamba, kama vile ngumi iliyosukumwa katika mpira uliotolewa pumzi isivyokuwa ndani ya mpira, ingawa mpira umeizunguka. Figo zimekaa nyuma ya utando wa tumbo kabisa, zikiegemea mgongo.

Wanafunzi wa uganga wa lugha zote hupata tabu na jambo hili kwa sababu neno moja limepewa mizigo miwili. Kiswahili, ambacho hakijajifunga bado, hakina sababu ya kuirithi tabu hiyo. Nafasi kati ya nyuso mbili zinazokabiliana twaijua kwa jina: ni mwanya. Mwanya wa meno ni kitu chembamba kati ya vitu viwili. Waweza kuwa haba hata usionekane, na waweza kupanuka. Basi tuseme mwanya wa utando wa pafu, mwanya wa utando wa moyo, mwanya wa utando wa tumbo. Uvungu huchukua viungo. Mwanya hauchukui kiungo, huchukua maji tu. Tukiyashika maneno haya mawili kwa uaminifu, tutakuwa tumepata kwa urahisi tofauti ambayo lugha nyingine huieleza kwa sentensi nzima.

VI

Faida ya tofauti hiyo yaonekana hospitalini. Maradhi mengi, kifua kikuu kikiwamo, huweza kuujaza mwanya wa utando wa pafu maji, hata kupita lita moja. Watu husema mgonjwa ana maji kwenye mapafu. Lakini yako maradhi mengine, hasa ya moyo kushindwa kazi, ambapo maji huingia ndani ya pafu lenyewe. Nayo pia huitwa maji kwenye mapafu. Dawa ya hali ya kwanza yaweza kuwa sindano au mpira wa kuyatoa maji. Dawa ya hali ya pili si hiyo kabisa. Mgonjwa wa kwanza akikataa sindano kwa kuogopa kutobolewa pafu, amekataa kwa hoja iliyo sawa juu ya maneno aliyopewa. Angeambiwa kwamba maji yako nje ya pafu, katika mwanya kati ya pafu na mbavu, angekuwa na jambo la kweli la kufikiri kabla ya kukubali au kukataa.

Mfano wa pili ni homa ya uti wa mgongo. Uti ni mhimili wa mifupa. Ndani ya mfereji wake umepita ugwe wa mishipa ya fahamu utokao ubongoni. Na ubongo pamoja na ugwe huo vimevikwa tando, zikiogeshwa na maji yapatayo mililita 150 kwa mtu mzima. Ugonjwa huu ni wa tando hizo, na hatari yake kubwa iko kichwani. Jina lake latuelekeza kwenye mifupa ya mgongo. Mganga akitaka kuchukua maji kidogo kwa kupima, huchoma sindano chini kiunoni, kati ya pingili ya 3 na ya 4 au ya 4 na ya 5, ilhali ugwe wa mtu mzima hukoma karibu na pingili ya 1 au ya 2. Jamaa wanaodhani kwamba uti na ugwe ni kitu kimoja huogopa kwamba mtu wao atapooza. Jina la ugonjwa limekwisha kuzoewa, wala hatushauri libadilishwe. Lakini kamusi inayoeleza uti wa mgongo bila kuutenga na ugwe wake haijamtendea haki msomaji.

VII

Yako mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba watu wameishi na maneno yao bila tofauti hizi, na muktadha huwaongoza. Hili ni kweli sokoni na nyumbani, lakini si kweli penye karatasi ya kutia sahihi kabla ya kupasuliwa, ambapo muktadha wenyewe ndio mgeni. La pili ni kwamba istilahi zimekwisha kuwa nyingi na kila kamati huongeza zake. Wenye hoja hii wakumbuke kwamba hata Ulaya mambo yalikuwa hivyo. Wataalamu wa elimu ya mwili walipokutana Basel mwaka 1895, walikuta majina yapatayo 50,000 yakitumika kwa sehemu zipatazo 5,000 tu, na kazi yao kubwa haikuwa kubuni bali kupunguza. Sisi nasi hatuombi maneno mapya. Uvungu, mwanya, ugwe, kiwambo na utando yote yamo katika kamusi zetu tangu zamani; kinachotakiwa ni kila moja lipewe kazi moja na maelezo kamili.

Twapendekeza basi mambo matatu kwa watungaji wa kamusi zitakazofuata. Kwanza, kila kiungo cha ndani kielezwe kwa mahali pake, yaani uvungu kilimo, upande wake, na majirani zake, badala ya kuelezwa kwa kisawe. Pili, maana ya watu na maana ya waganga zitengwe kwa nambari, pasipo kuifuta hata moja. Tatu, uvungu na mwanya visichanganywe, hata pale orodha ya Kiingereza inapovichanganya. Mzee asiyejua kusoma, aliyechinja mbuzi maisha yake yote, alituachia majina ya viungo yaliyo safi kuliko mengi ya istilahi zetu. Lililobaki kwetu sisi tusomao ni kuonyesha kila kimoja mahali pake.